Siyo Hivyo, Mzee Wangu

Mzee Soli, fundi viatu, hakuwahi kusimulia jambo likafika mwisho bila mkewe kulidaka katikati. Mzee alikuwa mtu wa kutia chumvi. Mkewe, fundi cherehani aliyezoea kupima kabla ya kukata, hakuvumilia hata punje moja ya ziada. "Siyo hivyo, mzee wangu," alikuwa akisema, na mzee akicheka, "Haya, Hakimu ameamua," kisha akirudi nyuma kurekebisha. Yeye Hakimu hakuna aliyewahi kumsahihisha. Majirani walisema ukitaka habari kwa Mzee Soli, jiandae kuipata mara mbili.

Kwa hiyo binti aliyekuwa mkutubi wa maktaba ya mtaa alipokuja kwao na kinasa sauti, akikusanya simulizi za wazee kabla hazijafukiwa pamoja nao, Hakimu naye alivuta kiti akaketi ubavuni mwa mumewe. Mkutubi alimwomba kwa adabu anyamaze. Alijitahidi, maskini, mpaka mzee alipofikia siku kiwanda cha viatu alichofanyia kazi kilipofungwa.

"Siku ile nililia pale getini, mbele ya watu wote," mzee alisema.

"Siyo hivyo, mzee wangu. Ulilia nyumbani, mlangoni pa jikoni. Mimi ndiye niliyekufuta machozi."

Mzee hakucheka. Alimgeukia, akamtazama, akasema neno ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kulisema. Mwanamume yule alijua kusifia ngozi, gundi na uzi. Mapenzi aliyaonyesha kwa kumng'arishia mkewe viatu, basi. Hakimu alilipokea neno lile kimya, kwa haya, maana mgeni alikuwepo. Akajiambia atamchokoza nalo siku nyingine.

Siku nyingine haikuja. Kifua kilimbana mzee majira ya baridi, akakata kauli, na baada ya muda mfupi akafariki.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, Hakimu alivaa viatu alivyong'arishiwa mara ya mwisho, akaenda maktaba. Alikuwa akilitaka neno lile moja tu, alisikie tena kwa sauti ya mwenyewe.

"Karibu, mama, pole sana," mkutubi alisema, akamvutia kiti karibu na spika ndogo, kiti kingine kikabaki kitupu pembeni.

Sauti ya mzee ilipotoka, Hakimu alilia bila kujificha. Lakini alivyozidi kusikiliza ndivyo alivyozidi kuona kuna kitu hakiko sawa. Mzee alikuwa akisimulia moja kwa moja, bila kukohoa, bila kurudi nyuma. Hakukuwa na Hakimu aliyeamua chochote. Alisikika kama mtu aliyeishi peke yake.

"Siku ile nililia pale getini, mbele ya watu wote. Baada ya hapo nikafungua kibanda changu..."

"Siyo hivyo, mzee wangu," Hakimu akasema. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

Sauti haikusimama. Iliendelea na habari za kibanda, na wateja wanaoleta viatu wasirudi kuvichukua.

"Mwanangu, rudisha nyuma. Hapo kuna kitu kimerukwa."

Mkutubi akarudisha. Ikawa vilevile.

"Hapo mlikuwa mnaongea wawili, mama," akasema taratibu. "Tulifundishwa simulizi moja, sauti moja. Niliondoa kikohozi, honi za barabarani, na pale mlipokatizana, ili msikilizaji asichanganyikiwe."

"Na ulichokiondoa umekiweka wapi?"

Mkutubi aliinamia meza. "Kinasa sauti ni hiki kimoja, na kinajaa upesi. Nikishasafisha, nafuta ya mwanzo ili nimrekodi mwingine."

Hakimu alikata vitambaa maisha yake yote, na hata mabaki aliyatunza kwenye gunia, maana huwezi kujua kipi kitakuja kuziba wapi. Hakulisema hilo. Binti hakuwa na nia mbaya, na maji yakimwagika hayazoleki. Alikaa tu na mikono yake mapajani, akihisi amefiwa upya.

"Nisamehe, mama," mkutubi akasema, machozi yakimlengalenga. "Liseme wewe neno alilolisema, nami nitaliweka palepale. Sitagusa hata pumzi."

Hakimu alikubali. Asingeweza kuacha wajukuu wa mtaa mzima waambiwe kwamba mumewe alilia getini. Taa nyekundu ya kinasa sauti ikawaka.

"Mume wangu hakulia getini," akaanza. "Alilia nyumbani, mlangoni pa jikoni, na mimi ndiye niliyemfuta. Nilipomkumbusha, aliniangalia akasema, 'Kweli. Nilijikaza njia nzima, mpaka nilipouona uso wako.'"

Akajikatiza.

"Au alisema, 'mpaka uliponifungulia mlango.'"

Akayarudia kimoyomoyo, la kwanza, kisha la pili. Yote mawili yalikuwa na sauti ya mzee. Taa iliendelea kuwaka. Hakimu akakigeukia kile kiti kitupu, akingoja kuambiwa siyo hivyo.