Aliyekosea Asirekebishwe

Bendi ile ilikuwa na sheria moja tu, na aliyeitunga ni mwimbaji mwenyewe: aliyekosea asirekebishwe. Walichukua nyimbo za bibi zao, wakazinyoosha, wakazigeuza nyuma mbele, wakazitia mwangwi mpaka msikilizaji ahisi sakafu inamtoka miguuni. Kwenye muziki wa namna hiyo, kosa lilikuwa mali.

Kwa albamu ya tatu walitaka nyuzi: zeze, selo na fidla. Fidla walimpa mjomba wa mwimbaji, mzee aliyemlea binti huyo tangu akiwa na miaka sita. Maspika ya bendi za dansi yalikuwa yamemuua sikio la kushoto siku nyingi. Alibaki na la kulia, na hilo alilitunza kama mboni ya jicho.

Walirekodia katika chumba cha nyuma ya karakana ya samani, magodoro yamepigiliwa ukutani. Wiki ya kwanza mzee alipiga safi, safi mno, hata mpiga selo akamtania kwamba anawapangusia ukungu wao. Jumanne ya wiki ya pili fidla ikaanza kuyumba. Ilipanda pasipo na kupanda, ikashuka pembeni kidogo ya sauti iliyotakiwa. Nyuma ya kioo walitazamana, furaha imewajaa. Fundi mitambo akalipa faili jina: USIGUSE.

Mzee alitoka akijipapasa sikio, akamgeukia mwimbaji.

"Mama, kweli sijapotoka?"

"Mjomba, leo umetuacha wote mbali."

Alhamisi akauliza tena, akaeleza kwamba kichwani anasikia kama sufuria inachemka. Mwimbaji akamwambia ni uchovu, apumzike, ila kwenye fidla asibadilishe kitu. Mzee akaichukua tena fidla. Kama si mtoto aliyemlea, angemwamini nani? Wiki tatu nzima akapiga hivyo hivyo, macho kwenye midomo yao, nao wakaambizana kwamba mzee sasa amefunguka. Wajinga wakubwa, na mwimbaji akiwa mbele yao.

Siku waliyomaliza, mwimbaji alimwita mjomba wake kutoka nyuma ili waondoke. Akamwita mara ya pili, ya tatu. Akapiga makofi karibu kabisa na kisogo chake. Mzee aliendelea kuifuta fidla kwa kitambaa, taratibu.

Kesho yake daktari aliuliza tatizo lilianza lini. Mwimbaji hakuhitaji kukisia. Aliitaja Jumanne ile, na saa yake, maana faili la USIGUSE lilikuwa limeandikwa tarehe na saa. Daktari akapitisha kalamu kwenye kalenda ya mezani, akihesabu siku. Kisha akasema usikivu ukikatika ghafla namna hiyo, mara nyingine dawa huurudisha, lakini mgonjwa awahishwe ndani ya wiki mbili za mwanzo. Sasa zilikuwa zinakaribia nne.

"Anasemaje?" mzee aliuliza.

Mwimbaji aliomba karatasi. Akaandika aliyosema daktari, na Jumanne ile. Mzee akaisoma akiwa ameiweka mbali na macho, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Kwa hiyo nilikuwa napotoka."

Mwimbaji akatikisa kichwa kukubali. Aliona haya, haya ya kutaka kufa.

"Nilikuuliza, mama," mzee akasema. Hakujisikia alivyopaza sauti, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi la nje wakageuka kutazama mlangoni.