Kengele ya Ghala la Mahindi

Mimi na Yesenia tulihamia chuo kikuu mwaka wa tatu wa uhandisi, tukitokea chuo kidogo cha wilayani. Wakatutia darasa la ujasiriamali, eti litatuinua sisi wa kuja.

Yesenia akabuni kengele ya maghala ya mahindi ya kwetu Nebraska, Marekani: mtu akianza kuzama kwenye mahindi, inalia na kuzima mashine inayoyavuta mahindi kutoka chini. Kaka yake Chuy alikufa hivyo.

"Safi," mwalimu akasema. "Sasa kamsikilizeni mteja."

"Vibarua wanaoingia ghalani?" Yesenia akauliza.

"Kibarua atanunua na nini, dada? Mwenye ghala!"

Tukaenda kwa mzee Kucera, ambaye ndani ya ghala lake Chuy alizama. Akatumiminia kahawa.

"Kaka yako alikuwa mchapakazi," akamwambia Yesenia, huku akiigeuzageuza kengele. "Inazima mashine hata wakati wa mavuno, malori yamepanga foleni?"

"Hasa wakati huo, mzee."

Akairudisha mezani. "Nitengenezeeni ya kulia tu."

Nilidhani Yesenia atammwagia ile kahawa. Kumbe wapi! Kesho yake alikata waya wa kuzima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Tuliongoza darasa zima. Mwalimu alisema hajawahi kuona wanafunzi wanaojua kumsikiliza mteja kama sisi.