Kariobangi Akta Hafi

Mimi, Sylvance Ondiek, nina ugomvi na wazungu waliokufa zamani. Nasema wale waliotengeneza sinema za nyeusi na nyeupe, miaka ambayo mingine mimi hata sikuwa nimezaliwa. Nawapenda, mtu asinielewe vibaya. Hakuna aliyeujua mwanga kama wao. Mtu anawasha sigara, kivuli cha mkono wake kinapanda ukutani, na wewe uliyekaa zako Kariobangi unasikia baridi ya mji ambao hujawahi kuukanyaga. Lakini roho zao zilikuwa mbaya. Unamfuata mtu saa nzima na zaidi, unamzoea kama shemeji yako, halafu wanampiga risasi kwenye ngazi na kukuandikia kwamba sinema imeisha. Huo ni ustaarabu gani?

Basi mimi niliwarekebisha. Nilipokuwa kijana, kabla sijajifunza kutengeneza makochi kule Gikomba, nilikuwa natafsiri sinema kwenye holi ya mtaa. Projekta inanguruma nyuma, sauti ya Kizungu inapunguzwa mpaka inabaki mnong'ono, na mimi nimesimama kando ya shuka nyeupe na maikrofoni mkononi. Wote niliwapa majina ya hapa kwetu. Mwenye kofia akawa Wamalwa, mrembo wa koti la manyoya akawa Jacky, na barabara yenye mvua ikawa Jogoo Road. Kizungu chenyewe nilikuwa nakishika kidogo tu, lakini uso wa mtu hauhitaji kamusi.

Sheria ilikuwa moja: akta hafi. Akta ndiye yule mkuu, yule ambaye holi nzima imemweka moyoni. Mara moja tu nilimwacha afe vile wazungu walivyotaka. Watu waling'oa benchi, na mama mmoja akanifuata mpaka mlangoni kuniuliza kwani nilikosa nini cha kusema. Tangu siku hiyo, akta akianguka, mimi siweki maikrofoni chini. Mkanda unaisha, shuka inabaki tupu, taa bado hazijawashwa, na mimi naendelea kusema humo gizani: risasi ilipita begani, Wamalwa alikimbizwa hospitali, akashonwa, sasa yuko nyumbani anakunywa uji. Watu walikuwa wanatoka wakicheka. Mmoja wao alikuwa Beldina, msichana wa Seme, kule kando ya ziwa, aliyefanya kazi ya kuunganisha simu kwenye ofisi za reli, na ndivyo nilivyopata mke.

Sasa sisi ni wazee na holi ilishageuzwa kanisa. Lakini binti yetu Elsie, anayekaa Donholm, alituunganishia tivi na intaneti, na humo ndani nikawakuta wazungu wangu wote, hawajazeeka hata siku moja. Kila Jumapili tukitoka ibadani tunakula, tunavuta pazia, napunguza sauti na kuanza kazi yangu. Kuna vichekesho, vile ambavyo bwana harusi anapoteza suruali na kila mlango anaofungua una mama mkwe nyuma yake. Kuna zile za kutisha, ambapo mwanamke yuko peke yake nyumbani na anasikia mtu akitembea juu ya dari. Hizo zote napenda. Ila za mvua, kofia na vivuli ndizo zinazoniingia kwenye damu.

Mwaka huu Beldina anazitazama akiwa amelala, kichwa kwenye paja langu. Dawa za maumivu zinampeleka na kumrudisha. Analala Wamalwa akiwa anavuka daraja, anaamka Wamalwa akiwa ndani ya hoteli, na katikati hapo ameota vyake. Siku moja aliniambia amemwona yule mrembo wa koti la manyoya akipanga nyanya kwenye meza sokoni, na ukungu wa ile sinema ulikuwa umejaa mpaka kwenye magunia ya mboga za sukuma. Hakuona kama ni ajabu. Mimi mwenyewe nilikuwa napotea. Nikifungua pazia jioni, mafundi wa chini wanagonga mabati yao, boda boda wanapita, na mimi nasimama dirishani nikingoja rangi zirudi. Zilikuwa zinachukua muda wake.

Niseme wazi kilichokuwa kinatusumbua. Daktari alitueleza kwamba ile kemo, dawa ya saratani aliyokuwa anapewa, haimsaidii tena. Ipo nyingine ambayo wangeweza kujaribu, kali zaidi, lakini hakuahidi kitu. Mimi na Elsie tulisema ijaribiwe, na kitanda cha hospitali kikatafutwa. Beldina hakutaka. Alitaka kwenda nyumbani Seme na kukaa huko mpaka mwisho wake. Hakuwa ameniambia kwa maneno hayo kwa sababu sikumpa nafasi. Akianza tu, "Baba Elsie, kuhusu nyumbani," mimi nilishika rimoti. Nilikuwa na sinema za kutosha kumnyamazisha mpaka Krismasi. Niliogopa, basi. Niliogopa kwamba akishalisema litakuwa kweli.

Jumapili hiyo Elsie alikuja na maparachichi, akaosha vyombo, akatuambia atakuja na gari kesho yake kumpeleka mama hospitali. Kisha akaketi jikoni na simu yake. Beldina aliomba ile ya fundi wa kufuli. Nilifurahi, maana hiyo naijua kama mfuko wangu, na pia niliona kwamba ametulia, hana neno la kuniambia.

Fundi wa kufuli, Wamalwa wetu, ni mtu mpole anayepanga chumba kwa ajuza mmoja. Jacky anakuja dukani kwake usiku wa mvua akiwa amelowa, anamwomba amfungulie sefu moja tu, ati ni ya marehemu mumewe. Uongo mtupu. Sefu ni ya watu wabaya, na Wamalwa akishaifungua, ameshaziona sura zao. Kuanzia hapo ni kukimbia. Nilimkimbiza vizuri siku hiyo, wallahi. Nilimpitisha nyuma ya godauni, nikamvusha mto pale Gikomba, nikamficha kati ya mabunda ya mitumba. Taa za barabarani zilikuwa zinaelea kwenye maji, na uso wa Beldina ulikuwa unapata mwanga na kuupoteza, unapata na kuupoteza. Alikuwa anatabasamu. Nilimpenda sana saa ile, nikatamani sinema isiwe na mwisho.

Wamalwa alipofika kwenye nyumba ya yule ajuza na kuanza kupanda ngazi, Beldina alinishika mkono.

"Leo usimwamshe," alisema.

Nilijifanya sijasikia. Nikaendelea: maadui wako mlangoni, bunduki imetoka.

"Baba Elsie. Akianguka, mwache alale hapo. Na uniwekee sauti."

Nilikasirika. Nilikasirika kweli, na sikujua namkasirikia nani. Nilimwambia kazi yangu anaijua, sheria anaijua, ameifurahia tangu tukiwa vijana, sasa leo ananifundisha? Alisubiri nimalize. Kisha akanyoosha mkono wake, ambao siku hizo ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, akaitoa rimoti kwenye vidole vyangu na kupandisha sauti mwenyewe. Risasi ililia chumba kizima. Elsie alikuja mpaka mlango wa jikoni na kusimama hapo.

Wamalwa akaanguka. Ajuza akatoka, akaketi kwenye ngazi, akaweka kichwa cha Wamalwa mapajani mwake. Hapo ndipo mimi huanza habari za bega na hospitali. Safari hii nilinyamaza, na jambo likanishangaza: yule mtu alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea kwa muda mrefu, polepole, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa sijamsikia. Nilikuwa nampigia kelele juu ya kichwa chake. Nilijaribu kushika maneno, yakanipita.

"Anasema nini?" nilimuuliza mke wangu.

Beldina alifumba macho ili asikilize, kama vile bado ana vile vyombo vya simu masikioni. Akanitafsiria. Sauti yake haikuwa na madoido yangu.

"Anasema mlango wa jikoni bado unakwaruza. Alikuwa ameahidi kuutengeneza, anaomba msamaha. Yule mama mwenye nyumba anamwambia anyamaze, asijichoshe. Yeye anajibu hapana, mama, wacha niseme." Akasikiliza tena. "Anasema aliogopa kwamba watamleta hapa wamembeba. Anafurahi amefika kwa miguu yake."

Ajuza alimfunika na shali yake. Kamera ikarudi nyuma taratibu, ngazi zikawa nyembamba, mvua ikaonekana kupitia mlango uliobaki wazi. Sikuwahi kuona sinema nzuri namna hiyo. Naisema na inaniuma, maana nilikuwa nimeiona mara nyingi kuliko mtu yeyote Eastlands. Hao wazungu hawakuwa na roho mbaya. Walimpa nafasi aseme, na aliyemnyima ni mimi.

Shuka yetu siku hizi ni kioo, na kioo kiliingia giza. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kwa mazoea. Nikaufunga.

"Ulikuwa unajua," nilimwambia Beldina. "Pale holini ulikuwa unasikia Kizungu chote."

Alikubali kwa kichwa. Alisema alikuwa anajua wote wanakufa, na alikuwa anarudi kila wiki kunisikia nikiwafufua, kwa sababu hakuwahi kukutana na mwanamume anayebisha hivyo. Alisema hajutii. Kisha akaomba nimwinue kidogo, nikamwekea mto mgongoni, na Elsie akaja akakaa sakafuni miguuni pake. Hakuna aliyegusa pazia.

"Kesho siendi hospitali," Beldina alisema. "Nasikia mnavyonipenda, lakini siendi. Watu wetu wanasafiri kwenda nyumbani wamelazwa. Jeneza katikati, kwaya nyuma, wote mnaona njia isipokuwa mwenye safari. Mimi nataka nisafiri nimekaa. Nataka nile mahindi ya kuchoma tukisimama njiani, nishuke pale dukani kwetu nisalimie watu, niingie kwa nyumba yangu na kufungua madirisha mimi mwenyewe. Nikishafika, mengine yatakuwa vile Mungu atapenda."

Elsie alikuwa analia bila sauti. Aliniangalia, na nilijua anangoja niseme kitu, maana mimi ndiye mwenye maneno katika nyumba hii. Nilikuwa nayo mengi. Ile dawa nyingine, daktari mwingine, jirani wa ghorofa ya chini aliyepona. Yote yalikuwa tayari kwenye ulimi wangu, yamepangwa vizuri, na ningeyasema kwa ufundi. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amechoka, na alikuwa ananisubiri.

"Unataka kukaa upande gani?" nilimuuliza.

"Wa kushoto. Dirishani, nione bonde tukiwa tunateremka."

Nilimwambia Elsie atutafutie basi la asubuhi, viti viwili vya kushoto. Aliuliza la lini, na mama yake akasema la wiki hii. Halafu Beldina akaanza kueleza mambo ya nyumbani, nani apewe nguo zake za kanisa, nani asiruhusiwe kuhubiri, na wapi pale kando ya mchungwa anataka alazwe. Kila neno lilinikata. Nilimshika mkono na kukaa kimya mpaka amalize.