Bomba Lililoishia Darini

Maji yalianza kumdondokea Orrin kitandani mchana mmoja wa Februari, siku jua lilipowaka baada ya wiki mbili za baridi kali. Mkewe, Verna Skogstad, alikisogeza kitanda, kisha akampigia simu Kvistad, fundi aliyewaezekea paa jipya kabla theluji haijaanza.

Kvistad alikuja akaitazama dari akiwa mlangoni, hata glavu hakuvua. "Paa langu halivuji, mama. Ni nyie mnajaza mvuke humu. Mzee anaoga maji ya moto kama yuko sauna. Fungueni madirisha."

"Nje mate yanaganda, na huyu ana mapafu mabovu. Nimfungulie dirisha nimuue?"

"Basi apunguze kuoga."

Verna alikuwa ameendesha mabasi ya shule pale mjini Duluth miaka thelathini na moja. Hakuzoea kujibiwa hivyo. Kvistad alipoondoka, alichukua tochi, akapanda ngazi, akasukuma kifuniko cha dari.

Kule juu kulikuwa kweupe. Kila ncha ya msumari iliyotokeza kwenye mbao ilikuwa imevaa barafu, na jua lilivyolipasha paa joto, barafu ile ilikuwa ikiyeyuka na kudondoka. Mbao zilishaota kuvu jeusi. Akalifuata kwa tochi bomba la feni ya kuvuta mvuke bafuni, lile ambalo Kvistad, alipoezeka paa, aliapa kuwa amelitoa nje. Halikufika nje. Lilikuwa limelazwa juu ya pamba ya kuzuia baridi, likimwaga mvuke wote mle darini.

Akampigia tena. "Njoo, kuna kitu nimekiona."

Safari hii Verna alimpandisha Kvistad ngazi, naye akamfuata nyuma. Kvistad alilimulika bomba kwa tochi hadi mwisho wake.

"Wafanyakazi wangu walisahau," alisema.

"Wakasahau, nawe ukaja kumsimanga mgonjwa kuoga kwake. Shuka ukamwambie yeye, si mimi."

Alishuka, akamwomba Orrin radhi. Kesho yake akatoboa paa na kulitoa bomba nje. Verna hakumwamini tena. Alitambaa mwenyewe kwa magoti, akaziba kwa povu linalokauka likawa gumu kila upenyo uliozunguka nyaya na mabomba, akakizungushia kifuniko cha dari utepe wa mpira ili mvuke usipenye.

Machi nzima dari ilikaa kavu. Kvistad akamwomba amsemee vizuri kwa majirani.

"Nitawasimulia," Verna akajibu. "Tena sitaacha kitu."