Mkono Nje ya Kioo

Dada yangu hajawahi kuona kitu cha kutisha akanyamaza. Paka akiruka ghafla kwenye televisheni, mtaa mzima unajua. Kwa hiyo siku ile mkono ulipotokea nje ya kioo cha chombo cha anga, huko ambako hakuna hewa wala mtu, na yeye akaendelea kukanyaga pedali kimya, nilijua kuna jambo.

Mimi nilikuwa kitandani hospitalini, mkono umechomwa sindano mbili, damu yangu ikizunguka kwenye mashine inayonifanyia kazi ya figo. Yeye alikuwa kwake, juu ya baiskeli ya mazoezi, simu zetu ziko hewani na kila mmoja ana filamu ile ile mbele yake. Mnyororo wa baiskeli niliusikia ukilalamika. Yowe sikulisikia.

"Kepteni," nikamwita. "Umeuona mkono?"

"Nimeuona."

"Mbona umetulia hivyo?"

"Nimekua, Injinia."

Amekua lini? Wiki iliyopita tu alipiga kelele kwa sababu mlango wa chombo ulijifunga wenyewe.

Majina hayo ni ya utotoni. Jirani yetu ndiye aliyekuwa na televisheni, na kila wiki tulikaa sakafuni kwake kuangalia mfululizo ule wa wasafiri waliopotea katikati ya nyota. Kuta za chombo chao zilitikisika mtu akifunga mlango kwa nguvu, na vitufe vyake vilikuwa vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi. Nyumbani dada alikuwa Kepteni, mimi Injinia, na meza ya chakula ndiyo chombo. Kisha jirani akahama na televisheni yake wasafiri wakiwa bado njiani, nasi hatukujua kama walifika kwao.

Sasa dada alitakiwa kupungua. Katika ndugu wote waliopimwa, ni yeye tu aliyefaa kunipa figo, lakini daktari wa upasuaji alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba kwa uzito ule hampasui. Dada ni fundi cherehani. Kutwa yuko kwenye kiti, na mazoezi anayachukia kama anavyomchukia mteja wa "nipunguzie". Mimi ndiye niliyewaza kuwafufua wale wasafiri; mfululizo wote niliukuta mtandaoni. Tukawekeana sheria: pedali zikisimama, picha inasimama, na ni marufuku mtu kutangulia hata sehemu moja. Yale ya utotoni tuliyaona tena tukicheka, tukavuka hadi yale tusiyoyajua. Kilo zikaanza kushuka. Nikaanza kupanga mambo ya mwakani, kitu nilichokuwa nimeacha kukifanya.

Na siku iliyofuata ule mkono ndiyo ilikuwa siku ya mizani na vipimo vya mwisho.

"Umetangulia," nikasema.

"Acha hizo."

"Hii umeshaiona, dada."

"Naendesha baiskeli, nifanye nini tena? Niendeshe huku nikupigie mayowe?" Sauti yake ilikuwa imekauka, ulimi unanata kama wa mtu aliyelamba unga. Halafu akakata simu.

Nilichowaza kwanza ni kibaya: amenichoka. Anawaharakisha wasafiri wafike ili amalize, aseme alijaribu na imeshindikana. Hasira ikanipanda, na chini ya hasira ile nilikuwa na woga mtupu.

Muuguzi wa zamu, mwanamke wa maneno machache, alikuja kuchomoa sindano. Nikamlalamikia. Nikamwambia dada ananidanganya, na siku hizi hata sauti yake imekauka kama ya mtu asiyekunywa maji.

Akasimama na pamba mkononi. "Hanywi maji?"

"Anasema hasikii kiu."

"Anapimwa lini?"

"Kesho."

"Mwambie anywe. Mtu akijikausha na kujichosha hivyo, vipimo vya figo vinaharibika. Wakiona figo zake zinayumba, hawatazigusa." Akabandika pamba. "Na anaweza kuziumiza kweli."

Nilipiga simu, dada hakupokea. Nikachukua teksi, miguu imelegea kama kawaida yangu nikitoka kwenye mashine, na njia nzima niliendelea kupiga.

Mlango wake haukuwa umefungwa. Chumba cha mbele ndicho karakana: cherehani, vipande vya vitambaa, na sanamu la kupimia nguo likiwa na gauni lisilo na mikono. Katikati ilikuwepo baiskeli, na juu yake dada, amevaa kitu ambacho sikukielewa mara moja. Ilikuwa suti ya nailoni, ile ya kutengenezea miavuli. Ameishona mwenyewe, ameikaza kwa mpira shingoni na kwenye vifundo vya mikono na vya miguu ili joto lisitoke. Mashavu yalikuwa yamebonyea, midomo ina magamba. Mbele yake wasafiri walikuwa wakipita katikati ya mawe yanayowaka, sehemu ambayo mimi sijawahi kuiona.

"Shuka," nikasema.

"Bado kilo mbili."

"Shuka, dada."

"Maji nayo yana kilo, Injinia. Nikikaa bila kunywa mpaka kesho, zinatoka. Wakishanipima nitakunywa pipa zima." Pedali hazikusimama. "Sehemu moja kwa siku haikutosha, ndiyo maana nikatangulia. Nisamehe."

Nikamweleza aliyosema muuguzi. Akatikisa kichwa. Wauguzi wanaogopa kila kitu, akasema, na tarehe ikisogezwa, si wao watakaoumia. "Wewe unajiona kwenye kioo? Mimi nakuona. Siwezi kukaa mwezi mwingine nakuangalia unaisha."

Nikaenda jikoni, nikarudi na jagi la maji na glasi. Nikajaza, nikampelekea. Akageuza uso.

"Basi nakunywa mimi," nikasema.

Hapo pedali zikapungua mwendo, maana anajua. Mtu kama mimi hakojoi. Maji anayokunywa yanabaki mwilini mpaka mashine iyatoe, na yakizidi yanapanda kwenye mapafu. Kwa siku nina chupa moja ndogo, na hiyo naigawa funda kwa funda. Huu ni mwaka wa pili sijashiba maji.

Nikainywa glasi yote. Sitadanganya, yalikuwa matamu mpaka machozi yakanitoka.

"Una wazimu," akasema.

Nikajaza ya pili. Nilimimina kwa pupa, maji yakamwagikia vitambaa vya wateja. "Usipokunywa wewe, nakunywa mimi. Jagi zima. Tuone nani ataisha kwanza."

"Weka chini."

"Kunywa."

"Weka chini, utakufa, mjinga wewe."

Nikaipeleka mdomoni, na sikuwa natania. Nilikuwa nimechoka watu kuumia kwa ajili yangu. Dada akajitupa kutoka kwenye baiskeli, mguu ukanasa kwenye pedali, akanifikia kwa magoti na kuninyang'anya glasi. Akainywa bila kupumua, kisha akainyoosha kwangu. Nikajaza. Akanywa tena huku analia, nailoni ikipiga kelele kila alipojisogeza. Mimi nilikuwa nafuata kila funda kwa macho, na koo langu lilikuwa linameza pamoja naye.

Kesho yake nilimsindikiza na nikahakikisha amesema yote. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamkaripia kama mtoto. Siku hiyo hakumtoa damu. Alimtoa wiki iliyofuata, dada akiwa amepumzika na kunywa vizuri, na majibu yakawa safi. Mizani ndiyo iliyokataa.

"Kilo nitazisubiri," daktari akasema. "Figo ukishaiharibu, hutamfaa ndugu yako wala hutajifaa mwenyewe."

Upasuaji ukasogezwa mwezi mzima. Naogopa mwezi huu, sitaficha. Kuna asubuhi naamka pumzi fupi, nawaza kama nitaufikisha. Lakini ile suti tumeikata kwa mkasi wake mkubwa, ameigeuza kuwa kifuniko cha cherehani, na kwenye usukani wa baiskeli amefunga chupa ya maji.

Jioni tuliyotoka kwa daktari na majibu yale nilimwomba turudi kwenye sehemu ile ya mkono, tuanze upya kwa sheria zetu. Akakubali. Mimi nilikaa kwenye kiti chake cha kushonea, yeye akapanda baiskeli na kukanyaga taratibu. Wasafiri wakakusanyika dirishani, muziki ukakatika.

Dada akapiga yowe mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Mkono ulikuwa haujatokea bado. Nikamtazama. Alikuwa amekaza macho mbele, anakanyaga, anausubiri. Ulipotokea, nikapiga yowe mimi.