Mikono ya Koti la Harusi

Mke wangu hakusema jambo baya. Mdogo wangu alikuwa ametoka tu mlangoni baada ya kutusaidia kuhamisha kabati, mke wangu akarudi kukunja mashuka, na kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa akasema kwamba siku hizi shemeji amepata mikono. Basi. Akashika shuka jingine. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimevaa fulana isiyo na mikono ambayo niliichagua makusudi, nina miaka miwili ya kunyanyua vyuma, na mikono yangu haijawahi kupewa hata nusu ya sentensi ndani ya nyumba ile.

Roho iliniuma. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia sababu nyingine. Ulikuwa wivu, tena wivu wa ndugu kwa ndugu, ambao ni mbaya zaidi kwa sababu huwezi hata kumnunia mtu ukaacha kwenda kwake.

Mimi ni fundi wa nguo. Duka ni chumba kimoja alichoniachia marehemu baba: meza ya kukatia, cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na futi ya kupimia ambayo inchi yake ya kwanza ilichakaa zamani ikakatika. Inaanzia moja. Mteja nikimpima kiuno ikasoma thelathini na tano, naandika thelathini na nne, na nimezoea kiasi kwamba sifikirii tena. Wateja wote nawatoa inchi moja. Mtu mmoja tu sikuwahi kumtoa, naye ni mimi. Kila Jumamosi nilifunga mlango, nikakunja mkono mbele ya kioo, nikabana pumzi, nikazungusha ile futi, ikasoma kumi na sita. Na jimu nzima ilijua kwamba fundi ana mkono wa inchi kumi na sita, kwa sababu niliwaambia.

Jimu yenyewe ilikuwa ghala la zamani lenye paa la bati, la mzee mmoja aliyewahi kuwa mpakiaji wa mizigo, ambaye wote tulimwita Kocha. Nilikuwa na benchi langu, lile lililotazama kioo. Nakaa, nashika dambeli, naegemeza kiwiko kwenye paja, nakunja mkono, nakunjua. Msuli mmoja unafanya kazi, mwili mzima uliobaki umekaa kama mgeni sebuleni. Baadaye nageukia msuli wa nyuma ya mkono, nao peke yake. Nilipenda hivyo. Niliuona msuli ukivimba mbele ya macho yangu, na nani anayeona kitu kinavimba akaenda kutafuta kingine?

Kocha alinisema mara nyingi. Alisema mkono haukui kwa kubembelezwa peke yake. Unakua mtu anapovuta mzigo mzito na kusukuma mzigo mzito, mgongo, kifua na mabega vikiwa kazini pamoja nao, halafu hizo kunja-kunjua ndiyo za kumalizia, za kuongeza pale palipopungua. Siku moja alinikuta nimeshika kiwiko kinachouma, akasimama juu yangu akatikisa kichwa.

"Fundi," akasema, "wewe unashona mfuko, suruali hujakata."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, nikaendelea kushona mfuko.

Mdogo wangu nilimpeleka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii hii. Ni muuguzi, wodi ya wazee, kutwa anawageuza na kuwainua watu wazito kuliko yeye, na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Nilimhurumia. Labda pia nilitaka awepo mtu wa kunitazama. Siku ya kwanza Kocha alimwambia ajivute kwenye bomba, akaning'inia pale kama shati kwenye kamba, hakupanda hata mara moja. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ni kicheko ambacho nimekilipia.

Kwa sababu hakuondoka kwenye lile bomba. Wiki ya tatu alipanda mara moja, mwezi wa tatu mara sita. Alilala akasukuma chuma kirefu, alisimama akakisukuma juu ya kichwa, aliinama akakivuta kutoka sakafuni hadi tumboni. Dambeli alizigusa dakika kumi za mwisho, tena bila kutazama kioo. Mgongo ukaacha kuuma, jambo ambalo ndilo pekee alilokuja kutafuta. Mikono ilikuja yenyewe, kama nyongeza. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Mimi niliitafuta mikono usiku na mchana, na yeye alipewa bila kuomba.

Mwezi wa nane alikuja dukani na sare zake za kazini akaniomba nimwongezee nafasi mikononi, eti zinambana. Nikamwambia ni sabuni kali za kufulia kule kazini, zinasinyaza kitambaa. Akakubali, akashukuru. Yeye ni mtu wa namna hiyo, na namna hiyo nayo inachosha.

Halafu akachumbia, na harusi ikapangwa.

Hapa lazima nieleze habari ya kitambaa. Baba alinunua sufu nyeusi, nzuri, ya kutosha makoti mawili, sisi tukiwa bado wavulana. La kwanza alinishonea mimi nilipooa, na mkono wake ulikuwa bado imara. Kipande cha pili alikifunga ndani ya shuka, akakiweka sandukuni kwa ajili ya mdogo wangu, kisha akafariki kabla ya siku yenyewe. Kitambaa cha namna ile hakitengenezwi tena. Mama alikileta dukani akiwa amekipakata, akakiweka juu ya meza, akaniambia nimshonee mwenzangu kama baba alivyonishonea mimi.

Nilimpima siku hiyohiyo. Mabega, kifua, urefu wa mkono, ambao tunalingana kabisa. Kisha nikazungusha futi kwenye mkono wenyewe, naye ameuachia tu unaning'inia, hakukunja, hakubana pumzi. Ilisoma kumi na saba. Nikatoa inchi moja ya ile futi iliyokatika. Kumi na sita.

Nilikaa na ile namba kichwani. Kumi na sita ilikuwa namba yangu. Yeye ameipata mkono ukiwa umelala, na mimi naipata nikiwa nimebana pumzi hadi macho yanatoka, tena kwa futi inayonipendelea. Nikachukua kalamu. Kwenye daftari nikaandika kumi na tano.

Mtu anaweza kusema ni kosa la kalamu. Lakini hadi siku ya kukata nilikuwa na siku nne za kujirekebisha na sikujirekebisha. Mwili wa koti niliukata kwa haki, mabega yamekaa, kifua kimekaa. Mikono niliikata kwa ile kumi na tano, na nafasi ya kupumulia nikaweka kidogo. Halafu nikafanya jambo ambalo fundi hafanyi. Kila mshono wa koti huachiwa ziada ndani, kitambaa kilichokunjwa kinachosubiri siku mwenye koti atakaponenepa. Baba alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kutunga uzi. Mimi nilichukua mkasi nikaikata ile ziada yote mikononi, nikafagia vipande. Nilijiambia nataka mshono ulale vizuri. Ukweli ni kwamba sikutaka koti lile lije likiri, hata miaka kumi baadaye, kwamba mkono wake ni mkubwa.

Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya harusi, alikuja kujaribu. Mama alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha wateja. Mdogo wangu akaingiza mkono wa kulia. Ukapita kiwiko, ukasimama. Akavuta taratibu, kwa adabu, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Haukupanda. Akajaribu wa kushoto, vilevile. Kwenye kioo nilimwona amesimama na koti la baba limemning'inia mgongoni nusu, na nakiri kwamba kwa muda mfupi sana nilifurahi. Kisha akazungumza.

"Labda nimenenepa, kaka. Samahani."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi. Akalivua, akalikunja vizuri, akasema si neno, atavaa shati na tai, mchumba wake hana makuu. Lakini alipolishika lile koti alilipitisha kidole gumba kwenye ukosi, na nikajua kwamba alikuwa amelisubiri tangu siku ile aliponiona nalo mimi.

Mama alinyoosha mkono akaomba koti. Aliishi na fundi miaka thelathini na tano. Akaugeuza mkono wa koti ndani nje, akapitisha vidole kwenye mshono kuanzia juu hadi chini, akarudia tena.

"Ziada iko wapi?"

"Nimeikata, mama."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kifundi tayari mdomoni. Sijui kwa nini lilitoka la nne.

"Kwa sababu mkono wake ni mkubwa kuliko wangu."

Mdogo wangu alitazama chini. Mama alivaa viatu vyake, akachukua mkoba, akasema harusi ni Jumamosi saa nne, akatoka. Mdogo wangu akamfuata, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza.

Kesho yake asubuhi nilitoa koti langu la harusi kwenye mfuko wake. Nimelivaa mara tatu tu maishani. Kabla ya kuligusa na wembe nilitaka kulivaa mara ya nne, na nilitarajia, Mungu anisamehe, kwamba lingenibana. Miaka miwili ya vyuma, lazima libane. Lilinikaa kama siku ile ile ya kwanza. Mikono iliingia bila hata kusuasua. Nikashika futi, nikajipima mkono ukiwa umening'inia, bila kubana pumzi, na kwa mara ya kwanza nikajitoa ile inchi moja. Ilikuwa kumi na nne. Nilikaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu, nimevaa koti.

Kisha nikalivua nikafumua mikono yote miwili. Ndani ya mshono baba alikuwa ameacha ziada ya inchi nzima kila upande, imekunjwa, imelazwa kwa uzi wa mkono, mishono mirefu mirefu yake ninayoijua. Mtoto wake alikuwa na mkono mwembamba, naye akamwachia nafasi ya kuwa na mkono mnene. Sikuwahi kuihitaji. Nikaifungua yote, nikaipiga pasi mpaka alama ya mkunjo ikafifia, nikaipachika mikono ile kwenye koti la mdogo wangu. Kiwiko kilikuwa kinaniuma, na kila niliposhika mkasi kilinikumbusha benchi langu.

Alipita saa kumi jioni akitoka kazini. Safari hii mkono uliingia wote, ukajaa vizuri, haukubana. Nikamwambia ainue mikono juu, akainua. Nikamwambia akumbatie hewa, akaikumbatia. Mshono haukulia. Nilikuwa nyuma yake nimeshika pini, na kumtazama usoni kulinishinda, kwa hiyo nilizungumza na mgongo wake.

"Nilikupima kumi na sita, nikaandika kumi na tano."

"Najua, kaka. Nilikuona ukisoma, halafu nikakuona ukiandika."

"Mbona hukusema?"

Akashusha mikono, akatengeneza ukosi kwenye kioo.

"Nilidhani utakapofika kwenye mkasi utakuwa umeirudisha."

Nilimtoa pini moja iliyobaki begani, nikamwambia asikunje koti, alitundike.

Siku ya harusi alipendeza. Nasema hivyo na bado inanichoma kidogo. Mama alimsogelea kabla ya picha, akaushika mkono wa koti kama anayempangusa vumbi, na vidole vyake vikaufuata mkunjo wa baba uliofifia, toka begani mpaka mkononi. Kisha akanitazama, akainamisha kichwa mara moja. Kocha naye alikuwepo, amebanwa na tai, akaniuliza mbona fundi wa suti hana suti. Nikamwonyesha bwana harusi kwa kidevu, ilipo mikono ya koti langu.

Koti langu lilikuwa limebaki kizibao, kwa hiyo nilivaa shati jeupe la mikono mifupi. Miaka miwili nilikuwa nimeota siku kama ile, ukumbi umejaa, ndugu wote wapo, wakwe wapo, na mikono yangu iko wazi kwa kila mwenye macho. Nilisimama pale mbele karibu na bwana harusi kutoka saa nne hadi saa nane. Watu walinipita wakaenda kumshika yeye bega. Mtu mmoja tu ndiye aliyeitaja mikono yangu siku ile. Mke wangu aliigusa, akaniuliza kama sisikii baridi.