Kopo Lisiloganda

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi Leonia alifungua friza ya maabara, akapima joto la makopo ya mkojo, akaandika kwenye daftari. Makopo thelathini na moja yalikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Kopo namba 118 lilikuwa nyuzi thelathini na sita, kama lilivyokuwa tangu lilipoletwa miezi kumi iliyopita. Mwanzoni walidhani friza ni mbovu, wakaita fundi, naye akabadilisha mpira wa mlango na kwenda zake. Kisha wakalihamishia rafu ya chini kabisa, ambako ukigusa chuma kidole kinanasa. Lilikaa huko na uvuguvugu wake, kana kwamba mwenyewe ametoka msalani sasa hivi. Bwana Hardeep, mwenye maabara, alisema lisisogezwe karibu na mengine lisije likayayeyusha, na mjadala ukaishia hapo.

Mwenye kopo alikuwa Rogath, kijana wa Marangu, mgumu. Ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa mlima ule, na anayeona jina ni la mzaha na abebe kilo ishirini mpaka Kibo. Siku aliyopoteza kazi alikuwa na kikohozi. Kwenye geti la mlima, mgumu anayekohoa hufutwa kwenye orodha, basi Rogath alipitia duka la dawa, akanunua vidonge vya mafua, akameza viwili na viwili vingine vya kujihakikishia. Kikohozi kilitulia. Bahati mbaya asubuhi hiyo kampuni iliyomwajiri ilikuwa imekuja na vijiti vya kupimia mkojo. Kijiti kinachovywa, kinasubiriwa kidogo, kisha kinasema. Cha Rogath kilisema anatumia dawa za kulevya.

Utaratibu wa kampuni ni kwamba kijiti kikishasema, mtu anaondoka siku hiyohiyo, na kopo lake linapelekwa Moshi mjini kugandishwa kwa mwaka mzima, ili akibisha lipimwe upya. Kubisha ni kwa barua, na barua sharti ipitie kwenye kampuni. Katika miaka minne hakuna barua hata moja iliyowahi kufika maabara. Majina ya waliofutwa hubandikwa ubaoni getini, pamoja na kosa.

Mzee Ebenezeri, baba yake Rogath, alilisoma jina la mwanawe ubaoni kwa macho yake, akitoka kanisani. Alikuwa mzee wa usharika, mtu aliyenyooka kama rula, na aliyetaka wenzake nao wanyooke. Majirani walimwambia mwana akikunyea mkono huukati. Akawajibu kwamba sheria ni sheria, na kijana asikanyage tena kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Rogath alishuka mpaka Mabogini, akapata kibarua cha kuzibua mifereji ya mpunga. Mwezi wa nne ukingo wa mfereji ulimporomokea. Walimzika hukohuko tambarare, mbali na migomba ya kwao. Baba alihudhuria, akakaa kiti cha nyuma.

Hayo yote Leonia hakuyajua. Alichojua ni kwamba mashine mpya imefika. Ya zamani haikuwepo. Zamani kulikuwa na boksi la barafu na basi la kwenda Dar es Salaam, na majibu ya wiki tatu. Mashine hii hupima uzito wa chembe moja moja za kilichomo kwenye mkojo. Kijiti hutazama sura tu, na sura hufanana, kama mlinzi anayekamata kila mwenye koti jeusi kwa kuwa mwizi alivaa koti jeusi. Uzito haufanani. Bwana Hardeep aliagiza wajaribu na kopo moja la zamani, na Leonia akachagua namba 118, kwa sababu mengine yangehitaji kuyeyushwa kwanza na hilo lingeokoa muda.

Mashine ilikuta vidonge vya mafua. Zaidi ya hapo haikukuta kitu.

Leonia alirudia mara mbili. Kisha akaiandikia kampuni kwamba mtu huyu alikuwa safi. Kampuni ilijibu siku iliyofuata, ikishukuru kwa ushirikiano na kueleza kwamba orodha ya msimu ule ilikwishafungwa. Akatafuta kwenye fomu, penye jina la ndugu wa karibu, akapiga simu Marangu. Ndipo alipojua kuwa mwenye kopo amefariki. Moyo ulimuuma sana, akamweleza mzee polepole, neno kwa neno.

"Nimesikia," alisema Mzee Ebenezeri, akakata simu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Leonia hakuliwaza wakati anapima. Kopo lenye kosa hutunzwa mwaka. Kopo safi humwagwa baada ya siku saba. Kwa kumsafisha Rogath alikuwa amempunguzia siku. Alimpigia mzee tena, akamwambia kwamba kopo la mwanawe lina joto la mtu, na kwamba mwisho wake ni Jumanne.

Jumanne hiyo mzee alifika saa nane mchana, amevaa suti ya kanisani, ameshika jani la isale, ambalo Wachagga huombea msamaha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Wewe ni wa wapi?"

"Kibosho."

"Basi unajua. Mkosaji hajipelekei isale mwenyewe. Naomba unipelekee."

Leonia alinawa mikono, akalitoa kopo, akaliweka juu ya meza, akaliegemezea lile jani. Alisema kwa Kichagga kwamba baba yako amenituma, anakiri amekukosea, anaomba radhi. Isale haikataliwi, lakini hupokewa kwa mkono, na kopo halina mkono. Walingoja. Bwana Hardeep, aliyekuwa akipita, naye akasimama. Baada ya muda Leonia alichomeka kipimajoto.

"Thelathini na sita," alisema. "Hajakataa, baba."

Mzee alilichukua kopo kwa viganja viwili, akaenda kukaa nalo kwenye benchi la korido. Alizungumza nalo karibu saa nzima, kwa sauti ya chini. Aliliambia habari za ndama, na kwamba mama yake bado hajampa mtu mtungi wa mbege aliouacha. Alilia bila kujificha. Watu waliokuja kupima damu walimsogelea, wakampa pole, wakasubiri zamu zao.

Leonia alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Nenda naye nyumbani, baba. Ukamzike kihambani. Mimi nitaandika kwamba nimemwaga."

Mzee alisimama, akaliingiza kopo ndani ya koti, akafika mpaka mlangoni. Barabarani bodaboda alimpungia. Mzee alibaki pale na mkono kifuani, kisha akarudi, akaliweka kopo mezani.

"Mwanangu ameandikiwa uongo mara moja," alisema. "Usimwandikie wa pili."

"Baba, huu ni uongo wa kumsaidia."

"Najua. Hata hivyo mwaga."

Leonia alimtazama Bwana Hardeep, naye akatazama chini. Leonia akamwaga. Sinki ilitoa mvuke kidogo, na harufu ya kawaida ya mkojo. Leonia aliandika tarehe, saa, na sahihi yake. Mzee aliomba aonyeshwe, akasoma mstari wote akifuatisha kwa kidole, akaridhika kwamba ni kweli tupu.

Friza ilikuwa wazi bado. Mzee Ebenezeri aliinama akatazama ndani, makopo thelathini na moja yaliyojipanga na barafu zake.

"Na hawa wengine mmewapima?"

"Bado, baba. Kampuni haijaomba."

"Kupima mmoja ni siku ngapi?"

"Dakika sita."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Aliuliza kama baba zao wameambiwa. Leonia akafunga mlango wa friza kwa sababu baridi ilikuwa inatoka.